Uzi: Kuchagua kiti cha kale cha kuvuta macho nyumbani, tuanze na yasiyobadilika

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Watu wengi hununua kiti cha kale kwa kukitazama kutoka mlangoni: kitambaa kinang'aa, nakshi za egemeo zinapendeza, muuzaji anataja karne fulani, na biashara inaishia hapo. Miezi michache baadaye kiti hicho kinakuwa mahali pa kurundika nguo, kwa sababu hakikaliki, au kwa sababu kinalia kila mtu anapoegemea. Nimefungua uzi huu kutetea utaratibu mwingine. Katika kiti cha zamani, amua kwa yale ambayo huwezi kuyabadilisha bila kukiharibu kiti chenyewe, yaani vipimo, fremu, viungo na umbo. Kisha uwe mpole kwa yale yanayobadilishika, yaani kitambaa, sponji, springi, henzirani iliyokatika na vanishi iliyofubaa.

Kwanza tuelewane kuhusu umri. Kwa desturi ya wafanyabiashara na ya idara nyingi za forodha, kitu huhesabiwa kuwa cha kale kinapotimiza miaka 100, na chenye umri mdogo zaidi huitwa cha zamani tu. Sheria ya forodha ya Marekani iliwahi kudai kitu kiwe kimetengenezwa kabla ya mwaka 1830, hadi mwaka 1966 ilipobadilishwa na kuweka kipimo hicho cha miaka 100. Umri wa ubunifu, hata hivyo, haupaswi kuchanganywa na umri wa kiti. Kiti cha mabomba ya chuma alichokibuni Marcel Breuer katikati ya miaka ya 1920 kinatengenezwa hadi leo, na vingi vinavyouzwa vilitoka kiwandani miongo mingi baada ya michoro ya kwanza. Hali ni hiyo hiyo kwa mitindo ya wafalme wa Ufaransa. Mafundi wa nusu ya pili ya karne ya 19 walitengeneza upya mitindo ya karne ya 18 kwa wingi mno, na kazi zao nyingi ni nzuri na sasa nazo ni za kale, lakini hazistahili kuuzwa kana kwamba zilitoka kwenye karakana za zama za Louis XV.

Baada ya hapo, kaa. Namaanisha ukae kwa muda, uegemee, usimame, na ukae tena. Kiti cha mezani huwa na kikalio kilicho kati ya sentimita 43 na 46 kutoka sakafuni, na meza ya kulia huwa kati ya 73 na 76. Nafasi ya sentimita 25 hadi 30 baina ya kikalio na meza ndiyo inayomwezesha mtu kula bila kuinua mabega. Viti vya kale mara nyingi vimepungua kimo, kwa sababu miguu ililika au kuoza kwa unyevu ikakatwa, au magurudumu madogo ya shaba yaliyokuwa chini yake yaling'olewa. Tofauti ya sentimita 3 haionekani kwa macho, lakini mgongo utaigundua kabla chakula hakijaisha. Kiti kifupi kinaweza kukaa pembeni ya chumba cha kulala au karibu na rafu ya vitabu bila tatizo lolote, mradi ujue tangu mwanzo kwamba hapo ndipo mahali pake. Viti vyenye mikono navyo vipimwe kimo cha mikono hiyo, la sivyo havitaingia chini ya meza.

Sasa kigeuze miguu juu. Hapa ndipo kiti kinapozungumza ukweli, kwa sababu fundi wa zamani hakupoteza nguvu kulainisha sehemu ambayo mwenye nyumba hataiona. Pitisha vidole polepole chini ya mihimili ya kikalio. Penye mkono wa mtu utasikia mawimbi madogo ya randa, au mikwaruzo iliyonyooka ya msumeno wa mkono. Alama zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa mviringo, ambao ulienea katika karne ya 19. Skrubu zenye kichwa cha msalaba hazikuwapo kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta zimeshika kiti kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1780, ama zimewekwa na fundi wa matengenezo, ama kiti chenyewe ni cha juzi. Mguu uliokerezwa nao hutoa ushahidi. Mti hunywea kwa upana wa nyuzi zake na karibu haunywei kabisa kwa urefu, ndiyo maana mguu uliotoka kwenye mashine ya kukereza ukiwa duara kamili huwa, baada ya miaka mingi, umekuwa yai kidogo. Upime kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene, upande mmoja, kisha uizungushe robo na kupima tena. Tofauti ndogo ya vipimo hivyo viwili ni vigumu kuighushi.

Tazama pia mahali palipolika. Kiti kilichotumika hulika kwa mantiki: kijiti cha mbele kinachounganisha miguu hulika juu palipokanyagwa kwa visigino, mikono hulika kwenye ncha, na miguu ya nyuma hulika ukingo wa nyuma kwa kuegemezwa na kuburutwa. Ukiona uchakavu umetapakaa kwa usawa kila mahali, hata pale ambapo hakuna mwili wa mtu unaopagusa, shuku.

Viungo ndivyo uhai wa kiti. Simama nyuma yake, shika egemeo kwa mikono miwili, weka goti kwenye kikalio, kisha sukuma taratibu mbele na nyuma, halafu kulia na kushoto. Kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya mti iliyochongwa iingie kwenye tundu la mti mwingine, kilicholegea kwa sababu gundi imekufa si msiba, kwa kuwa gundi inayotokana na ngozi za wanyama iliyotumiwa na mafundi wa zamani hulainika kwa joto na unyevu, hivyo kiungo hufunguliwa, husafishwa na kugundishwa upya bila kuumiza mti. Msiba ni ufa kwenye ulimi wenyewe, au mguu wa nyuma uliovunjika pale unapokutana na kikalio, au kiungo ambacho mtu alikipigilia misumari na kukijaza gundi ya kisasa isiyofunguka. Mimi huviacha viti vya aina hii hata kama nakshi zake zinatoa machozi.

Mwisho ni umbo, na hapa wengi husahau kutazama mgongo. Wafaransa wa karne ya 18 walikuwa na viti vya aina mbili vyenye kazi tofauti: vya egemeo bapa, ambavyo vilipangwa ukutani na kukaa huko kama sehemu ya ukuta, na vya egemeo lililopinda, vyepesi zaidi, ambavyo vilisogezwa katikati ya chumba watu walipotaka kuzungumza. Swali la kiti kukaa ukutani au katikati bado lina maana katika nyumba ya leo. Ikiwa kiti kitaonekana kutoka nyuma na mtu anayeingia, basi nyuma yake ndiyo sura yake ya kwanza, na kiti ambacho fundi alikiacha kitupu nyuma kwa sababu kilikuwa cha ukutani kitaonekana kama mgeni aliyegeuziwa uso. Viti vya mbunifu wa Denmark, Hans Wegner, vya mwaka 1949 vinafaa mno katikati ya chumba kwa sababu vilibuniwa vitazamwe pande zote.

Karibuni kwa maswali, na mafundi msikae kimya.

Mchangiaji, mwenye nyumba

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi nimependa vile viti vya mbao zilizopindwa, vya mikahawa, lakini kila muuzaji anasema chake ni cha Thonet halisi. Nitajuaje? Na je, kiti chepesi kama kile kinaweza kweli kuvuta macho sebuleni?

Mleta mada

Ndugu yangu, umechagua vizuri. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, fundi aliyebobea katika kupinda mbao, kilitoka mwaka 1859, na ustadi wake upo katika uchache wa vipande: vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, ndiyo sababu vilisafirishwa kila pembe ya dunia, na hadi mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50. Hataza ya kupinda mbao kwa mvuke ilikwisha mwaka 1869, na baada ya hapo viwanda vingine, kikiwamo cha J. & J. Kohn, vilitengeneza viti vya namna hiyo kwa ubora wa juu. Kwa hiyo geuza kiti, utazame ndani ya duara la kikalio: utakuta mhuri uliochapwa kwenye mbao, au lebo ya karatasi, au vyote viwili. Lebo peke yake haitoshi, maana karatasi hubandikwa. Kiti kisicho na mhuri lakini ambacho duara lake halijapasuka kina thamani ya kukaliwa, na binafsi ningekichukua kabla ya kile chenye jina kubwa na ufa.

Kuhusu kuvuta macho, weka kimoja peke yake mbele ya ukuta mtupu wa rangi hafifu, mahali ambapo mwanga unatoka ubavuni, na mistari yake itajieleza. Ukikibana kati ya kabati na sofa, kitapotea. Kiti kizito cha nakshi huvumilia jirani. Kiti cha mistari hakivumilii.

Mchangiaji, fundi wa masofa

Naunga mkono hoja, na niongeze ya upande wangu. Mteja akiniletea kiti, jambo la kwanza ninalofanya ni kuinua kitambaa cha chini na kusoma matundu ya misumari kwenye mihimili. Kiti cha miaka 150 kimevishwa kitambaa mara kadhaa, kwa hiyo mbao zake zimejaa matundu yaliyopishana, mengine yamezibwa na vumbi na mengine bado yana vichwa vya misumari yenye kutu. Ukikuta safu moja tu safi ya matundu ya stepla, na muuzaji anakwambia ni cha karne ya 18, mshukuru na uondoke.

Vilevile, springi za koili zilienea katika viti kuanzia takribani miaka ya 1830. Kabla ya hapo kikalio kilijazwa manyoya ya farasi juu ya mikanda ya kitani au ya katani. Ukikutana na manyoya hayo yakiwa mazima, usikubali fundi akuwekee sponji badala yake. Manyoya ya farasi hufumuliwa, huoshwa, huchambuliwa na kurudishwa, na yana uhai mrefu kuliko sponji yoyote niliyowahi kuigusa. Sponji ya poliyurethani huanza kuwa unga baada ya miongo michache. Tena sponji hubadilisha umbo. Kikalio ambacho kilikuwa na ukingo mkali na bonde dogo la kukalia kinageuka kuwa mto uliovimba, na mistari yote ya fremu inaonekana imekosewa.

Mleta mada

Ndugu fundi, hilo la mwisho ni la kukaririwa. Kitambaa nacho kifuate fremu: fremu yenye nakshi nyingi haihitaji kitambaa chenye maua makubwa, kwani macho yatakosa pa kutua. Fremu iliyonyooka, kwa upande mwingine, inaweza kubeba rangi ya ujasiri.

Mchangiaji, mpya katika uzi

Shikamoo wakubwa. Nimekiona kiti kizuri cha mikono, cha mtindo wa Kiingereza, lakini kina vitundu vidogo vya wadudu miguuni. Je, nikiache? Na mwenzangu anasema vitundu ni dalili nzuri kwamba kiti ni cha kale kweli.

Mleta mada

Marahaba. Vitundu havithibitishi umri, na wala si hukumu ya kifo. Dumuzi wa samani, ambaye jina lake la kisayansi ni Anobium punctatum, huacha tundu la milimita 1 hadi 2 anapotoka akiwa mdudu kamili, baada ya buu wake kuishi ndani ya mbao kwa miaka kadhaa. Tundu la zamani lina ukingo mweusi uliofifia na vumbi ndani; tundu jipya lina ukingo mkali na rangi ya mbao mbichi. Weka kiti juu ya karatasi nyeusi, gonga miguu kwa kiganja, kisha tazama kama unga mweupe unaanguka. Kirudie baada ya siku chache kama muuzaji anaruhusu. Ikiwa mdudu bado yu hai, wahifadhi wa makumbusho hukifunga kitu ndani ya plastiki na kukigandisha kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku 3, au nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Mtu wa nyumbani atafute mtaalamu wa wadudu, na kiti kisiingie ndani hadi kazi iishe.

Kisha lipo jambo la kutazama kwa makini sana. Mdudu huyu huchimba ndani na kutokea nje kwa tundu la duara. Hachimbi mfereji ulio wazi juu ya uso wa mbao. Ukiona mifereji mirefu iliyofunuka, kama mto uliochorwa kwenye ramani, maana yake mbao hiyo ilikatwa au kupigwa randa baada ya kuliwa na wadudu. Mtu alichukua mbao kuukuu akatengeneza kitu kingine, na hiyo ni njia inayojulikana ya kughushi.

Kwa kuwa ni kiti cha mikono, pima pia upana wa kikalio na ulinganishe na viti visivyo na mikono vya seti hiyo hiyo. Mafundi wa Kiingereza walikifanya kiti cha mikono kiwe kipana zaidi kwa sentimita kadhaa. Vikiwa sawa, huenda mikono iliongezwa baadaye ili bei ipande. Tazama pale mkono unapoungana na egemeo: rangi ya mbao, mwelekeo wa nyuzi, na kama nakshi imekatwa ghafla ili kupisha kiungo.

Mchangiaji, mpenzi wa viti vya karne ya 20

Mada ni nzuri, ila naona mmeegemea sana kwenye nakshi na manyoya ya farasi. Sisi tunaopenda viti vya miaka ya 1950 tufuate sheria gani? Kiti hicho hakina mhuri wa chama cha mafundi wala alama za randa.

Mleta mada

Mkuu, sheria ni ile ile, ila yasiyobadilika yamehamia kwingine. Kiti cha mapumziko cha wabunifu wa Marekani Charles na Ray Eames cha mwaka 1956 kina maganda ya plaiwudi iliyopindwa, na egemeo lake limeshikwa na vipande vya mpira vilivyogundishwa kwenye plaiwudi hiyo. Mpira hukakamaa kwa umri na gundi huachia, na mtu mzito akijirusha nyuma, ganda linaweza kupasuka au kung'oka. Ngozi ya mito hushonwa upya. Ganda lililopasuka ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo kagua vipande hivyo vya mpira kabla ya kuisifu ngozi. Viti vingi vya Skandinavia vya miaka hiyo vina mikanda ya mpira chini ya mito, na mikanda hiyo hulegea hadi mtu anazama. Kuibadilisha ni kazi nyepesi, kwa hiyo tumia hali yake kupunguza bei na wala usikate tamaa. Kile kiti cha Wegner chenye egemeo la umbo la herufi Y kimesukwa kikalio kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi. Kamba ikikatika, hufumwa upya na msukaji anayejua. Mguu uliopinda ukivunjika, tafuta kiti kingine.

Viti vya zamani vyenye rangi ya mafuta juu ya mbao navyo vichunguzwe kwa kipimo cha madini ya risasi kabla ya mtu kushika msasa, hasa kama kuna watoto. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978 tu, kwa hiyo tabaka za chini za kiti chochote cha kabla ya hapo zinaweza kuwa na sumu.

Mchangiaji, msafiri

Nami nauliza kuhusu kusafirisha. Nimevutiwa na kiti cha enzi cha mtindo wa pwani ya Afrika Mashariki, cha mpingo, chenye mapambo meupe ambayo muuzaji anasema ni pembe. Kuna tatizo nikikivusha mpaka?

Mleta mada

Linaweza kuwapo, na ni heri umeuliza kabla ya kulipa. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulimwingiza tembo wa Afrika katika orodha ya kwanza, yaani ya ulinzi wa juu kabisa, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na nchi nyingi zimeongeza masharti yao makali juu ya hapo, hata kwa vitu vya kale. Mapambo ya viti hivyo yapo ya pembe na yapo ya mfupa. Tumia lenzi: mfupa una vidoti na mistari midogo myeusi, ambayo ni njia za mishipa ya damu, ilhali pembe ya ndovu ni laini na, ikikatwa kwa upana, huonyesha mistari iliyopishana kama wavu. Mpingo nao ni wa jenasi (kundi la miti jamaa) ya Dalbergia, ambayo karibu yote iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba huo kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Ndugu yake wa Brazili, Dalbergia nigra, aliyetumika katika viti vingi vya kifahari vya karne ya 20, amekuwa katika orodha ya kwanza tangu mwaka 1992. Kwa hiyo dai karatasi zinazoonyesha umri na asili ya kiti, kisha peleka swali lako kwa mamlaka ya CITES ya nchi unayotoka na ya nchi unayokwenda kabla hujatoa hata amana. Muuzaji anayesema karatasi si lazima hatakuwa nawe forodhani.

Mchangiaji, mwenye nyumba

Swali la mwisho mkuu. Mke wangu anataka viwili vinavyofanana, mimi nataka kimoja. Sofa letu ni la kisasa, la kijivu, halina mbwembwe.

Mleta mada

Kwa sofa la namna hiyo mko huru kabisa, ila viwili vinavyofanana huunda ulinganifu, na ulinganifu hutuliza chumba. Kimoja huleta mvutano, na mvutano ndio unaofanya macho yasimame. Kama chumba kina mapambo mengi tayari, msikilize mama watoto. Kama ni kitupu, kimoja kitatosha, kikiwekwa kwa pembe kidogo kuelekea sofa, mbali na dirisha linalopigwa na jua moja kwa moja, kwa sababu mwanga huo hufifisha kitambaa na kukausha viungo. Kabla ya kukichukua, chukueni gazeti, likateni kwa upana na urefu halisi wa kiti na mliweke sakafuni mahali palipokusudiwa kwa siku mbili tatu, mpite pembeni yake, mfungue milango na makabati. Mkiona mnalikanyaga kila mara, kiti ni kikubwa mno kwa mahali hapo. Pimeni na upana wa mlango.